Binti kanichagulia meli yenye mabwawa saba, mimi nataka kuukuu

Shikamoo Shangazi. Huenda nakuzidi umri, lakini mwenye kibaraza ndiye anayeamkiwa, na leo mimi ndiye niliyekuja kuomba.

Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nina miaka 66, naishi Tabata na mke wangu. Mwakani tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Mungu ametujalia watoto watatu. Mkubwa ni binti, nesi, yuko Marekani, na ndiye mwenye uwezo. Kabla ya Ramadhani alitangaza kwenye grupu la familia kwamba yeye na wadogo zake wamekubaliana kutupeleka safari ya wiki nzima kwenye meli ya kitalii. Akatuma na video.

Shangazi, umewahi kuiona hiyo Icon of the Seas? Ilianza kubeba watalii kutoka Miami Januari 2024. Ina urefu wa mita 365. Sitaha 20. Mabwawa ya kuogelea saba, pamoja na mabomba sita ya kutelezea majini ambayo sijui mimi na goti langu hili tutayafanyia nini. Ikijaa inachukua abiria 7,600, na wafanyakazi 2,350 juu yao. Nikapiga hesabu: karibu watu 10,000. Yaani pantoni letu la MV Magogoni lijae mara tano, halafu hao wote washikwe na njaa saa moja ya asubuhi.

Wadogo zake wakajaza grupu mioyo na vidole gumba. Mke wangu akaandika, "Mungu awazidishie wanangu." Mimi nikaandika: "Asanteni, lakini hiyo si meli, hiyo ni Kariakoo inayoelea. Mkitaka kunifurahisha nitafutieni meli ndogo, ya zamani."

Grupu likapoa. Mpaka leo ni wiki ya tano binti hajanipigia. Anampigia mama yake, na mimi nasikia salamu zangu zikitolewa mwishoni, kama za jirani.

Naomba nieleze, maana watoto wanaona nimeanza kuchanganyikiwa. Nilizaliwa Bukoba nikasoma sekondari Mwanza miaka ya sabini. Usafiri wetu ulikuwa MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961. Nilikuwa abiria wa daraja la tatu, kwa hiyo benchi, na mkungu wa ndizi wa mtu nisiyemjua ndio mto wangu. Tunang'oa nanga jioni, usiku kucha unausikia mtetemo wa injini mpaka kwenye meno, alfajiri unaamka unayaona mawe ya Mwanza yanatoka kwenye ukungu. Mpaka hapo umeshawajua wote wa upande wako, umeshagawiwa senene wa nyumba tatu tofauti, na baharia mmoja ameshajua wewe ni mtoto wa nani na ameahidi kukusemea ukikimbia-kimbia tena kwenye ngazi. Sijapata kusafiri vizuri kama vile.

Baadaye nilipokuwa mwalimu, somo nililolifundisha kwa raha kuliko yote lilikuwa la MV Liemba. Imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikashushwa hapa hapa Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikatekwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu akiniambia meli ikizeeka haifai, namkumbuka huyo bibi wa Ziwa Tanganyika.

Sasa mke wangu. Mdogo wake wa kiume alikuwa kwenye MV Bukoba asubuhi ile ya tarehe 21 Mei 1996. Hatukupata mwili. Nilipomwambia nataka meli ya zamani, alisema, "Hizo hizo ndizo zinazozama." Nikamweleza kwa upole kwamba MV Bukoba haikuwa na hata miaka 20, kwa hiyo kwa kipimo cha meli haikuwa nzee. Akaniangalia. Akainuka akaenda jikoni, na ile mada haijarudi tena.

Nakuuliza, Shangazi: je, mtu anayepewa zawadi hana haki ya kusema anachopenda? Binti nimrudishe vipi? Na mama watoto nimshawishi vipi kwamba meli ndogo ya zamani ndiyo safari yenyewe?

Mwalimu mstaafu, Tabata

*

Marahaba Mwalimu. Nimeipokea, ingawa ukiwa na miaka 66 sisi wawili tungepaswa kuamkiana kwa zamu.

Barua yako imenikuta pabaya, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa baharia. Aliondoka bandari ya Tanga kijana, akazunguka na meli za Wagiriki mpaka akawa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, akarudi na masanduku mawili, redio moja, na maneno mengi kuhusu meli ambayo nilidhani sitayahitaji kamwe. Kumbe alikuwa ananiwekea akiba yako.

Nianze na meli, maana najua hutanisikiliza kwenye mengine kama sijaonyesha kwamba hili nalielewa.

Unalolipenda lipo, na si uzee tu. Kwenye meli ya watu mia tano au mia tatu, siku ya pili mhudumu anajua chai yako haina sukari. Kushuka bandarini ni dakika chache, si foleni ya Kivukoni. Na kina chake ni kifupi, kwa hiyo inaingia pale ambapo jitu lile linaishia kutia nanga mbali na kuwashusha watu kwa viboti, kundi baada ya kundi, kila mtu na namba yake mkononi. Wale wa Venice walifika mahali wakachoka: tangu Agosti 2021 meli zenye ujazo wa zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita kwenye mfereji wa Giudecca, ule wa mbele ya mji. Tani hizo si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyo ndani ya meli, na hilo ulifundishe ukipata nafasi kwa sababu hata magazeti hukosea. Hiyo meli ya binti yako ina 248,663. Yaani ingebidi uigawe mara kumi ndipo kila kipande kiruhusiwe kusalimia Venice.

Tofauti nyingine hutaiona kwenye video. Meli kubwa mpya imejengwa ili usitamani kutoka. Hiyo ya binti yako iligharimu kama dola bilioni 2, na deni hilo halilipwi na tiketi peke yake. Tiketi inakuwa ya bei ya kuvutia, halafu soda ina bei yake, intaneti bei yake, ule mgahawa mzuri wa ghorofani bei yake, na bakshishi inakatwa kwa kila kichwa kwa kila siku. Bahari imekuwa picha ya ukutani. Kwenye meli ndogo hakuna cha kukuzuia usiitazame bahari. Wengine ndicho wanachokikimbia, Mwalimu, na wana haki yao. Si kila mtu anataka kukaa sitahani siku nzima akitazama maji kama anayesubiri pesa ya pensheni.

Sasa nikugeukie. Kuna kitu umekitaja mara moja ukakipita haraka: goti.

Meli kuukuu hazikujengwa kwa ajili ya magoti. Milango yake ya kutokea nje ina vizingiti virefu vya chuma, vya kuzuia maji, na unaviruka mara ishirini kwa siku. Ngazi zimesimama wima. Lifti pengine ni moja, na pengine haifiki sitaha unayoitaka. Kabini ni kama ile ya treni, na dirisha ni duara dogo usiloweza kulifungua. Ikikutana na mawimbi ya kusi, meli ndogo inayumba kweli kweli, na mtu wa miaka 66 akianguka haanguki kama mtoto wa sekondari mwenye senene mfukoni. Hilo lijumba la binti yako lina lifti kila kona na zahanati ya maana. Yeye ni nesi. Umejiuliza kwa nini nesi amechagua lile?

Mimi nadhani hakuchagua mabwawa. Alichagua lifti. Mabwawa yalikuwemo tu kwenye video.

Nije kwenye kuzama, kwa kuwa ndipo ulipoharibu zaidi, na uliharibu ukiwa sahihi.

Kuhusu umri wa MV Bukoba uko sawa. Ungeweza hata kuendelea. Costa Concordia ilikuwa na kama miaka sita tu na ilikuwa kubwa, ikapitishwa karibu mno na kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa tarehe 13 Januari 2012, ikagonga mwamba, watu 32 wakafa. Na kuna kisa ambacho marehemu alikuwa anakisimulia kila tukipata mgeni, mpaka wageni wakapungua. Julai 1956, kwenye ukungu mbele ya pwani ya Marekani, meli ndogo ya Kiswidi iitwayo Stockholm iligongana na Andrea Doria ya Italia, fahari ya nchi yao, mpya ya miaka mitatu, kubwa kuliko Stockholm zaidi ya mara mbili. Watu 51 walipoteza maisha kwenye meli zote mbili. Iliyozama ni ile kubwa. Ile ndogo, pua imepondeka kama mkebe, ilipakia mamia ya manusura ikarudi nao New York kwa injini zake yenyewe. Ikatengenezwa, ikabadilishwa majina mara nyingi, ikaishia kuitwa Astoria, na ilikuwa bado inabeba watalii mwaka 2020.

Lakini usikimbilie kushangilia, maana hata kuukuu zina aibu zake. Oceanos ilishushwa majini mwaka 1952. Agosti 1991 ilizama pwani ya Afrika Kusini, kwenye bahari hii hii yetu. Maji yaliingia upande wa injini yakasambaa kupitia mabomba ya maji taka yaliyokosa vali za kuyazuia. Walikuwa watu 571 na wote waliokolewa, zaidi ya 200 kwa helikopta, huku nahodha akiwa ameshatangulia kuondoka na abiria wake wakiwa bado sitahani. Marehemu alikuwa na neno lake: usiulize meli ina miaka mingapi, uliza mara ya mwisho ilipanda chelezo, ikatolewa majini kukaguliwa, lini, na nani aliyesaini. Meli ya abiria inayokwenda nchi za nje inakaguliwa na kupewa cheti upya kila mwaka. Umri wake ni habari ya cheti cha kuzaliwa tu.

Hayo yote ni kweli, Mwalimu, na hayana kazi yoyote nyumbani kwako.

Mkeo hakukuuliza swali la mtihani. Alisema "hizo hizo ndizo zinazozama" akimaanisha kwamba ana ndugu ambaye hajamzika. Wewe ukamrudishia umri wa meli. Ningekuwa mimi ningekwenda jikoni pia, tena ningebaki huko mpaka chakula cha usiku kikose mpishi. Miaka karibu thelathini amekaa na maji yale, na sijasoma popote kwenye barua yako kwamba umewahi kumuuliza kama anataka kupanda meli yoyote, kubwa au ndogo, mpya au kuukuu. Umeandika kwamba aliwaombea wanawe Mungu awazidishie. Hiyo ni dua ya shukrani. Hajasema atapanda.

Kwa hiyo swali lako la tatu nimelikataa. Sikufundishi kumshawishi. Kaa naye siku ambayo hakuna mgeni wala taarifa ya habari, umuulize kuhusu mdogo wake. Alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anakwenda Mwanza kufanya nini. Meli usiitaje kabisa. Akiitaja yeye, msikilize, na ukijikuta unakumbuka tarehe au tani za kitu chochote, ng'ata ulimi.

Ikiwa baada ya hapo atakuwa radhi, msianze na wiki nzima. Pandeni boti ya asubuhi kwenda Unguja, mlale Mji Mkongwe usiku mmoja, mrudi. Msiende wakati wa kusi kali, Juni mpaka Agosti. Ngojeni bahari itulie. Mketi nje, nyuma, kwenye upepo. Kama katikati ya safari atakushika mkono na kusema rudi, basi mwenzangu safari ya bahari imekwisha, na utapata majibu yako kwa nauli ya boti badala ya mshahara wa binti.

Na binti. Mwalimu, ukweli wa kwako juu ya meli ni mwingi, ila kile ulichokiandika kwenye grupu hakikuhusu meli. Nesi wa Marekani anapata hela hizo kwa zamu za usiku, anasimama saa 12 kwa miguu yake, mara nyingine siku za sikukuu ili alipwe zaidi. Amekusanya, akawashirikisha wadogo zake ili isionekane ni yake peke yake, kisha akaitangaza mbele ya wote. Baba akamjibu, mbele ya wote hao hao, kwamba zawadi yake ni Kariakoo. Utani ulikuwa mzuri, nami nimecheka, nakiri. Lakini ulimcheka yeye.

Mtu anayepewa zawadi ana haki ya kusema anachopenda, ndiyo. Aombe kwanza maji ya kunawa. Mpigie simu, usiandike. Wahaya mna sifa nyingi na kuomba radhi kwa mtoto haimo, ila tafuta namna. Mwambie umekosea kujibu vile kwenye grupu. Kisha, badala ya kuisema vibaya meli yake, msimulie ile ya kwako: benchi, mkungu wa ndizi, baharia aliyetishia kukusemea. Nina wasiwasi kwamba hajawahi kuisikia. Wanafunzi wako wa miaka thelathini wanaijua Liemba msumari kwa msumari, na mwanao hajui baba yake alivukaje ziwa kwenda shule. Akishaisikia hiyo, hutahitaji kumwambia "ya zamani". Ataitafuta mwenyewe usiku huo huo, kwenye mapumziko ya zamu.

Atakachokuta ni kwamba zimebaki chache. Tangu Oktoba 2010 sheria za kimataifa za usalama wa meli zimekataza vifaa vinavyoshika moto kwenye ujenzi wa meli za abiria, na zile nzuri za zamani zilikuwa mbao tupu ndani. Wenye nazo wengi waliona gharama ya kuzivua mbao inazidi thamani ya meli. Halafu ikaja korona mwaka 2020, zikakaa bandarini bila abiria, wenyewe wakaziuza vyuma chakavu. Marco Polo ya mwaka 1965 ilikwenda kukatwakatwa Alang, India, mwaka 2021. Ile Stockholm ya marehemu wangu imepelekwa kukatwa Ubelgiji mwaka 2025. Siku niliposikia nilifurahi kwamba yeye hakuwepo kusikia.

Kuna Hebridean Princess huko Scotland, hii ungeipenda: ilizaliwa mwaka 1964 kama pantoni la magari, ikageuzwa ya kitalii mwaka 1989, na inachukua abiria wapatao 50 tu. Malkia Elizabeth aliwahi kuikodi kwa ajili ya familia yake. Kwa hiyo bei yake wewe na mimi tunaweza kuikisia. Abiria wakiwa wachache, mshahara wa nahodha na mafuta vinagawanywa kwa vichwa vichache. Zamani kuukuu zilikuwa rahisi kwa sababu zilishamaliza madeni yake. Hizi zilizobaki zimekuwa vitu vya fahari.

Nina wazo moja, na nalitoa nikijua wewe ni mwalimu wa jiografia.

Misri, kati ya Luxor na Aswan, inapita meli ya mvuke ya mwaka 1921 iitwayo Steam Ship Sudan, yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni na kabini ishirini na kidogo. Ni mto. Hakuna kusi. Kingo mbili zinaonekana muda wote, mitende huku na mashamba kule, na mtu anayeogopa maji akiinua macho anaona nchi kavu kila upande. Safari yenyewe ni siku chache, si wiki. Goti lako litalalamika kwenye ngazi, lakini halitarushwa na wimbi. Viza ya Misri mnaiulizia ubalozini hapa hapa Dar, badala ya kuanza habari za viza ya Marekani, ambayo kwenye ile safari ya Miami ingebidi iwaruhusu kutoka na kuingia tena. Bei si ndogo, kwa hiyo mwachie binti apige hesabu zake, na akisema haiwezekani usinune.

Na maji yale unajua yanatoka wapi. Kagera inamwaga ziwani kwenu, ziwa linatokea Jinja, na linakwenda hivyo hivyo mpaka Misri. Wewe utasema maji mengi ya Aswan yanatoka Ethiopia. Utakuwa sahihi, na nakuomba usiseme. Wala hili la Kagera usimwambie mkeo kama hoja. Mke wa mwalimu wa jiografia kwa miaka 40 analijua. Akitaka kusimama pale sitahani akalifikiria, atalifikiria mwenyewe, nawe simama karibu.

Halafu kuhusu Liemba, kwa kuwa uliniletea Liemba. Kiwanda kile kile cha Papenburg bado kipo, na kazi yake siku hizi ni kuunda majitu unayoyachukia. Norwegian Dawn, iliyofika bandari yetu ya Dar mwanzoni mwa 2024 na watalii wake elfu mbili na kitu, ilitoka hapo mwaka 2002. Na siku Liemba inashushwa majini Kigoma, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote katika ziwa lile. Nina hakika palikuwa na mzee ufukweni, kashika ngalawa yake, anaiita soko linaloelea.

Mpigie binti leo. Kwao huko saa za jioni zetu ni mchana. Ukishakaa na mama watoto, niandikie tena, lakini safari hii barua ichukue maneno yake yeye. Ya kwako nimeshayasikia.